Mkono Mwepesi, Mkono Mzito

Beni, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Kasereka,

Nimemwambia shangazi yako Masika aifiche barua hii ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, na asikupe kabla hamjavuka mpaka pale Kasindi. Kwa hiyo, kama unaisoma, bariyeri, kizuizi cha askari, iko nyuma yako. Kama huisomi, basi nauandikia unga. Nimejaribu kuandika kama baba ambaye mtoto wake amepita salama, na mara mbili nimeshindwa nikachana karatasi. Hii ni ya tatu, na karatasi nyingine sina.

Naandika jua lingali juu, maana siku hizi taa ikiwaka baada ya giza askari wanakuja kuuliza nani anamwandikia nani. Wewe umelala upande wa pili wa ukuta, mguu umeuinua juu ya gunia la maharagwe kama tulivyozoea. Nakusikia ukigeuka. Mambo ya kuosha mguu, ya viatu, ya kitambaa cha kufunga, sitayarudia. Unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia juu ya mikono. Huko kwa mjomba wako, ng'ambo ya mpaka, mtu ataona mguu wako, atakuhurumia, atapakaza mafuta mikononi na kusema, lete nikukande. Utakuwa peke yako kuamua kama utampa au utamnyima. Mimi nilipewa kuamua kwa ajili yako, na sikuamua. Ndiyo maana kesho unapanda lori na ule mguu wako unaofanya nisilale.

Homa ilikushika mwaka uliofuata uhuru. Mguu wa kushoto ulikuwa mwekundu mpaka gotini, ukiguswa wewe unapiga kelele. Homa ikaondoka, uvimbe ukabaki. Mama yako alisema utaondoka na mvua. Mvua zikaenda, uvimbe haukwenda. Kwenye kaye yangu, daftari la kila siku, niliandika «mguu wa K. bado» mpaka nikaona aibu kuandika maneno yale yale, nikawa naweka alama ya nukta tu.

Basi shangazi yako akaja kutoka Butembo na chupa ya mawese. Unaikumbuka mikono yake ya wakati ule. Butembo nzima iliijua. Wanawake waliojifungua, wachukuzi walioteguka, vijana wa mpira, wote walipita mbele yake. Alipasha mawese moto, akakaa chini, akaubana mguu wako katikati ya magoti yake, akaanza kwenye kifundo na vidole gumba viwili, akipanda juu kwa nguvu zote.

«Shangazi, unaniua!»

«Nani alishakufa na kukandwa? Lia, lia tu. Maji ingine itoke na macho.»

«Baba, mwambie!»

«Umwache baba yako. We Paluku, shika mutoto mabega. Ulishaona ndizi inatoa maji yenyewe? Ndizi inakamuliwa. Mpaka utie majani na nguvu ndiyo upate kasikisi. Na mguu ni vile vile.»

Nikakushika mabega. Nilimwamini, kwa sababu nimekua nikiwaona wanawake wa kwetu wakikamua ndizi ndani ya mtumbwi wa mti, na ni kweli bila nguvu hakuna pombe. Nilimwamini pia kwa sababu ulilia. Kwetu dawa isiyochoma tunaidharau. Tunasema mganga amekula bure. Asubuhi mguu ulikuwa umepungua kidogo, tukamchinjia kuku. Jioni ulikuwa mkubwa kuliko jana, na alama za bluu za vidole vyake. Nikasema moyoni, ni maji yanaamka.

Halafu serikali ikaleta dispanserini yule munganga Boniface, mtu wa mtoni kutoka jimbo la Ekwateri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu Lingala. Watu walimcheka. Walimwita munganga wa kupapasa, kwa sababu alikuwa amesomea kule Leo, mji mkuu, namna ya kukanda watu waliovimba, na mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka ungedhani anafukuza inzi. Nilikupeleka kwake bila kumwambia shangazi yako. Unakumbuka alianzia wapi? Shingoni. Aliweka vidole kwenye vishimo vile vilivyo juu ya mifupa ya mabega, akawa anaisogeza ngozi polepole, anaiacha irudi, anaisogeza tena.

«Munganga,» nikamwambia, «mguu uko chini.»

«Karani,» akasema, kwa kuwa wote waliniita kwa kazi yangu, «mguu najua iko wapi.»

«Lakini unashika shingo.»

«Karani, we ulishaona bakamyo imekwama kwa matope, njia ya Butembo, moja nyuma ya ingine? Unasukuma gani kwanza? Ya nyuma?»

«Lori la mbele.»

«Donc, basi. Acha nitoe ya mbele.»

Akashuka kifuani, akaenda kwenye kinena, akakaa pale muda mrefu, halafu paja, halafu goti, na kifundo alikigusa mwisho kabisa. Alisema maji yale si damu, hayana moyo wa kuyasukuma. Njia zake ziko chini kidogo tu ya ngozi, nyembamba, na ukizibana kwa nguvu zinalala bapa kama mrija wa boga uliokanyagwa. Halafu akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya paja lako.

«Hapana. Hapo unakanda fufu. Nyepesi.»

Nikapunguza.

«Hapana, Karani! Shika sawa unashika kichwa ya mutoto wa jana, ile kichwa ingali laini.»

Nilipokumbuka kichwa chako siku uliyozaliwa, mkono wenyewe ukajua. Akasema, «Voilà. Sasa uko baba.» Wewe ulikuwa umelala usingizi. Sikujua kwamba mgonjwa anaweza kulala akiwa anatibiwa. Nilikaribia kuona haya, kama mtu aliyeibiwa.

Lakini mguu ulishuka. Haukupona, yeye mwenyewe alisema hautapona kabisa, ni wa kuchungwa maisha yote; ila ulishuka, na sikukuu ya Noeli ulikwenda misa umevaa viatu viwili vya namba ile ile. Mama yako alivitazama viatu vile misa nzima.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Shangazi yako alikuja kutusalimia, akaushika mguu wako, akaugeuza.

«Mukono ya nani imegusa hapa?»

Nikainama kufunga kiatu changu.

«Nauliza. Mukono ya mugeni iko hapa. Mimi nilikuosha wewe Paluku tangu hujajua kukaa, leo mutoto wako anapelekwa kwa mutu hata jina la babu yake hatujue?»

Akatoka, akakaa nje kwenye kigogo, akakataa chakula. Mchana mzima ukapita. Mimi siwezi kuona dada yangu hali chakula nyumbani kwangu. Jioni nikamwendea, nikamwambia, dada, dimanche ni yako. Munganga atafanya siku za kazi, wewe utafanya dimanche, siku ya jumapili, baada ya misa. Kwa munganga sikusema kitu. Na wewe, mtoto mdogo, nikakuonya usiseme. Ilionekana ni haki. Kila mtu amepata siku zake, hakuna aliyekasirika. Niliandika kwenye kaye, kwa mwandiko mzuri, «amani nyumbani».

Unakumbuka jumatatu zile. Boniface anafungua kitambaa, anatazama alama za vidole.

«Karani, huyu petit anaanguka kila dimanche?»

«Anacheza mpira.»

Akainama, akanusa mguu.

«Mupira ya mawese.»

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafunga mguu wako, akasema bila kunitazama: «Ya yule mama ni kazi, yangu ni kazi. Lakini ile natengeneza juma nzima, yeye anavunja siku moja. Na ile anavunja, anafikiri ni mimi nilishindwa kutengeneza. Chagua, Karani. Chagua hata yeye, mi nitanyamaza. Lakini chagua.»

Nikamwalika kunywa chai. Hilo ndilo jibu nililompa.

Usidhani ilikuwa kwa mguu tu. Mwaka wa uhuru, vijana wa vyama walipopita nyumba kwa nyumba, nilinunua kadi ya hawa na kadi ya wale. Moja mfuko wa kulia, moja mfuko wa kushoto. Nilijiona mwerevu. Waasi walipoingia Beni walinipekua mifuko yote miwili kwa pamoja, wakazitandaza kadi juu ya meza yangu mwenyewe, na mkubwa wao, kijana wa umri kama wa kaka yako angekuwa hai, akaniuliza kwa upole kabisa, «Mzee, we ni wa nani?» Walinipiga, halafu wakaniweka niwaandikie orodha zao za vyakula, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Ndiyo sababu kesho siwezi kupanda lori pamoja nawe. Askari wa serikali wa pale bariyeri wanajua uso wangu. Nikikaa karibu yako, utakuwa mtoto wa karani wa waasi.

Boniface, waasi walimchukua siku za mwanzo. Mtu wa serikali, mtu wa mbali, hakuna ndugu wa kumlilia. Walimwona ni rahisi. Nilikuwa dirishani walipopita na lori. Alikuwa amesimama nyuma na wengine. Aliniona. Mikono ilikuwa haijafungwa bado, akainua mkono mmoja na kugusa shingo yake, hapa, juu ya mfupa wa bega. Mpaka leo sijui alikuwa ananikumbusha pa kuanzia au ananiambia wanakwenda kumwua. Sikuinua wangu. Niliogopa wataniona.

Tulipokimbilia shamba la Mbau, mimi ndiye niliyebaki na mkono mwepesi. Nilijua kila kitu: shingo, kinena, paja, goti, kifundo mwisho. Nilifanya asubuhi na jioni ndani ya kibanda kile, matope yakituingia mpaka kitandani. Lakini ulikuwa umetembea sana, mguu ulijaa kama gogo, ngozi ikang'aa. Mkono mwepesi unataka siku nyingi, na mimi nilikuwa nasikia bunduki kila siku na kufikiri kesho tutakimbia tena na wewe hutaweza. Nilipoteza subira. Nilimtuma mtu amlete shangazi yako.

Yeye hakuja na mawese tu safari ile. Alikuja na wembe.

«Maji iko nyingi, Paluku. Inaomba mulango.»

Ulinitazama. Hukusema «baba, mwambie» kama zamani. Ulikuwa umeshajua kwamba baba hasemi. Akakuchanja chale ndogo ndogo kuzunguka chini ya goti, akakamua, akapaka majivu. Maji yalitoka kweli. Mguu ulipungua mbele ya macho yetu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru dada yangu kwa mikono miwili. Baada ya hapo homa, na uvimbe ukarudi na wenzake. Chale hazikupona vizuri. Zimebaki nyeusi, zimeinuka, mstari baada ya mstari.

Halafu askari wakarudi. Na wewe unajua wanatafuta nini, kwa sababu kila mtu wa Beni anajua. Waasi, wanaojiita simba, walichanjwa na waganga wao ili risasi igeuke maji. Kwa hiyo pale bariyeri kijana anavuliwa shati, anapandishwa suruali, na mwenye chale anawekwa kando. Mtoto wa jirani yetu fundi baiskeli alikuwa na chale kifuani za ugonjwa wa utotoni. Mama yake alipiga magoti akawaambia ni za pumu. Walimweka kando, na hajarudi. Mama yake bado anapika chakula chake kila jioni.

Nilifikiri kukupitisha milimani kwa miguu. Kwa mguu ule usingefika hata nusu, na ungefika umebebwa. Kukaa hapa ni kungoja wapekue nyumba yetu, na lori lazima lipite bariyeri. Siku nyingi nilikaa kati ya njia hizi tatu, kama nilivyokaa kati ya mikono miwili, nikitafuta ya nne ambayo haina ubaya. Haipo. Shangazi yako ndiye aliyenitoa pale. Aliingia chumbani juzi bila kubisha, akavuta kitenge chake mpaka mapajani.

«Ona.»

Miguu yake yote ina chale. Za zamani, zimefifia, juu ya vifundo, juu ya magoti. Nimeishi naye maisha yote, sikuwahi kuziona.

«Mama yetu alinikata mi, mi nimekata batu. Nitapanda kamyo na mutoto. Nitabaambia batazame miguu yangu kwanza. Baseme basi na mi ni simba. Simba ya meno ine!»

Akacheka peke yake. Halafu akasema, taratibu, «Ni mi nilimukata, Paluku. Mi ndiyo nitasema.»

Kwa hiyo mtapanda pamoja kesho, nawe utakaa karibu naye. Wembe uliokuchanja ndio unaokupeleka, na aliyeushika ndiye shahidi wako wa pekee. Nimechagua lori. Ni mara ya kwanza nachagua, na nimechagua kitu ambacho kinaweza kukuua. Sina maneno ya kulainisha hilo.

Linabaki moja. Shangazi yako anakupenda. Usiku wa kwanza mkishavuka, akiwa na furaha, ataomba mguu. Atakuwa ameokoa maisha yako, na wewe utaona ni aibu kumnyima. Ndivyo nilivyoona mimi, Kasereka, kila dimanche. Mtu akitutendea wema tunadhani tunadaiwa mguu. Nilitaka kukuandikia hapa, «mkatalie». Nimetazama neno hilo nikaona nafanya yale yale: nampa mtoto kazi ya kusema kitu ambacho baba hajathubutu kukisema. Ngoja. Yuko nje anafunga mizigo. Naenda.

Nimerudi. Jua limeshuka, naandika karibu na mlango.

Nimemwambia. Nilisema kwa Kiswahili cha nyumbani, ili nisijifiche nyuma ya maneno ya kitabu: «Dada, huko munaenda, hapana kukanda mutoto.»

Aliendelea kufunga kamba.

«Hapana dimanche?»

«Hapana dimanche.»

«Hapana hata kidogo, akilia na maumivu?»

«Hapana, dada.»

Akaacha kamba. «Donc mi sasa ni mudomo tu. Kwa askari mi niko mutu, kwa mguu mi hapana mutu.»

Zamani hapo ndipo ningeanza kutafuta siku ya kumpa. Nilisimama tu. Akanitazama sana, halafu akainuka, akaingia na mizigo, akapita bila kunigusa. Sijui kama amekasirika. Sijui kama kesho atapanda lori. Fikiria, ndani ya siku ya mwisho kabisa nimehatarisha shahidi wako kwa sababu ya mguu. Nilikaa kwenye kigogo kile kile alichokalia siku ile, nikahesabu nilichoharibu.

Baadaye akatoka. Akanyoosha mkono wake mbele yangu, kiganja juu, kama anadai kitu.

«Nionyeshe basi ile ya kupapasa.»

Nikamwonyesha juu ya mkono wake mwenyewe. Akajaribu juu ya wangu. Mzito. Akajaribu tena, mzito bado; vidole vile vimekamua watu maisha yote, havijui kuacha. «Hii ni kubembeleza paka,» akasema, na akajaribu tena. Tulikaa hivyo mpaka kuku wakaingia kulala. Hajaweza. Huenda ataweza njiani, huenda hataweza kamwe. Wewe unaujua uzito ule tangu utotoni: mpe mkono wako kwanza, si mguu. Usimpe mguu mpaka mkono wake uwe mwepesi kiasi cha kukusinzisha. Na mpaka hapo tumia mikono yako, uanze shingoni.

Ukifika, usiandike barua. Barua zinafunguliwa. Mpe dereva yeyote wa lori anayerudi Beni neno moja anipelekee, aseme «mwepesi» au aseme «mzito», nijue ni mkono gani uko mguuni kwako. Askari hataelewa.

Mwanangu, nimekueleza kurasa hizi zote kwamba mkono mmoja tu ndio ulio sawa. Na ndivyo ilivyo. Lakini mimi nitakaa pale njia inapoingia mjini kila lori likifika, na akija mtu akaniambia «mzito», nitamshukuru kwa mikono miwili, kwa sababu mguu unaokandwa vibaya una mwenyewe, na mwenyewe yu hai.

Giza limeingia kwenye karatasi. Sasa naweka kalamu, nakuja upande wako wa ukuta. Usiamke. Nitaanza shingoni.

Baba yako,
Paluku